Baba ana funza kwenye kidonda, na ami anasema tusiwatoe

Shikamoo Somo,

Nakuandikia nikiwa Matondoni, Lamu, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Nyumba nzima imelala isipokuwa mimi na baba, ambaye najua hajalala, anajifanya tu.

Baba yangu ni fundi wa majahazi. Ana miaka 67, na sukari anayo mwaka wa 11 sasa. Vidonge humeza pesa zikiwapo. Zisipokuwapo hunywa maji ya mwarobaini na kusema ni mamoja. Miezi miwili iliyopita alirudi kutoka ufuoni jioni, akavua ndara ya kushoto, ya kulia ikakataa kutoka. Akadhani imenasa lami. Kuinua mguu tukaona kichwa cha msumari. Ulikuwa umepita kwenye mpira wa ndara ukaingia chini ya kidole gumba, na yeye ametembea nao tangu adhuhuri bila kuhisi kitu. Tulicheka, Somo. Wallahi tulicheka. Mama akasema fundi amekaa na mbao mpaka mguu wake umekuwa mti.

Kidonda hakikufunga. Tumekitia asali, tumepasua kapsuli tukakinyunyizia poda, tumekifunga kwa vitambaa vya kanga kuukuu. Wiki ya nne tulimpeleka kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Aliyetupokea aliziba pua kwa kiganja akasema, benchi zima likisikia, "Huu ni wa kukatwa, nendeni mkajitayarishe." Hakuugusa. Baba alijifunga kitambaa chake mwenyewe, akasimama, akatoka. Tangu siku hiyo neno hospitali halitajwi kwetu.

Leo kabla ya swala ya Ijumaa nilimfungua ili atawadhe. Harufu ilinitangulia. Kisha nikaona nyama inacheza. Nilidhani ni macho yangu, nikasogeza taa. Ni funza, Somo. Weupe, wanene kama punje za mchele, wameinamisha vichwa chini, mikia juu, kama watoto wanaonyonya. Nilikimbilia uani nikatapika.

Sasa nyumba imegawanyika. Mama ataka kuwamwagia mafuta ya taa. Kaka yangu asema hili ni jicho, baba alipata kazi ya jahazi kubwa watu wakamuonea husda. Baba mwenyewe asema, "Niwatani. Ayubu aliingia funza mwili mzima na akasubiri." Na ami, ndugu yake mdogo baba, aliyekaa Uingereza miaka mingi, ndiye aliyenichanganya kabisa. Asema tusiguse hata mmoja. Eti kule hospitali hununua funza kwa pesa, huletwa kwa posta, na mgonjwa hutiwa makusudi. "Wawateni wafanye kazi yao," asema. Tena jioni hii ametundika kichwa cha papa uani, na chini yake ndoo, ati nzi waje watage, akuze wengine wa akiba.

Nataka kujua: ami anasema kweli au ametuona wajinga? Tuwatoe au tuwaache? Baba ataswali vipi na wadudu hawa mwilini? Na nitampelekaje hospitali mtu aliyekwisha kuambiwa mbele ya watu kwamba mguu wake ni wa kukatwa?

Binti wa Fundi, Matondoni

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma baada ya swala ya alfajiri. Safu hii huwa ya Jumanne, lakini ya kwako haingoji Jumanne, nami naandika sasa hivi ili ukishika simu uikute.

Baba aende hospitali leo. Si kesho, wala si mpaka jahazi lishuliwe. Mtu wa sukari mwenye kidonda cha miezi miwili, kinachonuka, kilichoanza kwa msumari, ni mtu wa kuonwa na daktari hata kama asingekuwa na funza hata mmoja. Na ukimkuta asubuhi hii ana homa au anatetemeka kwa baridi, wekundu na joto vinapanda kutoka unyayoni kwenda juu, kidole kimegeuka cheusi, anatapika au anasema maneno yasiyoshikana, basi msingoje hata chai.

Sasa ami. Niliposoma habari ya kichwa cha papa nilitaka kumkasirikia. Nimeshindwa, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli tupu.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mmarekani wa mifupa aitwaye William Baer aliletewa askari wawili waliokuwa wamelala uwanja wa vita siku 7. Hawakula, hawakunywa, hakuna aliyewaona. Mifupa ya mapaja ilikuwa imevunjika ikatokeza nje, na tumboni wana majeraha makubwa. Siku zile mtu mwenye paja la namna hiyo, hata akitibiwa mara moja, mara nyingi alikufa. Baer akatarajia homa. Hawakuwa na homa. Akawavua nguo akakuta majeraha yamejaa maelfu ya funza, naye akasikia kinyaa ulichosikia wewe. Aliwaosha. Chini ya wale funza, mahali alipotarajia usaha na uozo, akakuta nyama changa ya rangi ya waridi, ile ambayo sisi manesi tukiiona tunajua kidonda kimeamua kupona. Wote wawili waliishi.

Jambo hilo halikumtoka akilini. Miaka kumi na kitu baadaye, akiwa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akaanza kuwatia funza makusudi wagonjwa waliokuwa na usaha ndani ya mifupa, ugonjwa ambao siku hizo haukuwa na dawa. Wengi walipona. Katika miaka ya 1930 hospitali zaidi ya 300 za Marekani na Kanada zilikuwa zikifanya hivyo, na kampuni ya dawa ikiuza funza. Kisha zikaja penisilini na wenzake, funza wakasahauliwa. Walirudi miaka ya 1990, bakteria walipozidi kuzizoea dawa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaidhinisha rasmi, na mwaka huo huo madaktari wa Uingereza wakaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa kwenye cheti kama dawa nyingine yoyote. Wanafugwa Bridgend, kule Wales, na husafirishwa kweli, wakiwa ndani ya kifuko cha wavu kinachofanana na pakiti ya majani ya chai. Kwa hiyo ami hakuota. Hata hapa Kenya watafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wamewahi kuwafuga funza hawa kwa ajili ya vidonda.

Niseme pia kuhusu jina, maana nimeona watu wakigombana bure. Hapa kwetu neno funza limebeba wadudu wawili. Yupo yule anayejichimbia kwenye vidole vya miguu, wengine humwita tekenya. Huyo ni jamaa ya kiroboto na hana uhusiano wowote na habari hii. Na yupo mtoto wa nzi, buu, anayetoka kwenye yai, akala, akanenepa, kisha akatafuta pahali pakavu ageuke nzi. Wa baba yako ni huyu wa pili. Hazai, kwa hiyo hawataongezeka wenyewe kidondani. Wakiongezeka ujue nzi amepata njia tena.

Kazi yake ni ya ajabu, na nadhani ukiielewa kinyaa kitapungua. Buu hana meno. Ana vikulabu viwili mdomoni vya kujikokotea. Hutema mate makali yanayoyeyusha nyama iliyokufa ikawa uji, kisha hunyonya ule uji pamoja na bakteria waliomo. Mate hayo hayo huua baadhi ya bakteria. Aina wanayotumia madaktari, nzi wa kijani anayeitwa Lucilia sericata, hula nyama iliyooza na kuiacha ile iliyo nzima, jambo ambalo kisu cha daktari hodari hulifanya kwa taabu. Huwekwa wakiwa wadogo, milimita moja au mbili, hesabu yake watano mpaka wanane kwa kila sentimita moja ya mraba. Hufunikwa kwa wavu, hutolewa baada ya siku mbili au tatu wakiwa wamefika sentimita nzima kwa unono.

Lakini angalia nilivyosema: aina wanayotumia madaktari. Samaki wote ni samaki, ila hakuna mvuvi wa Lamu atakayemtilia mwanawe bunju mwenye sumu kwenye chungu. Nzi nao ni hivyo. Wapo ambao watoto wao hula nyama hai, huchimba kama keekee. Mmoja anaitwa Chrysomya bezziana, na huyo Afrika yupo. Wewe kwa macho, wala mimi, wala ami na miwani yake, hatuwezi kumtazama buu wa siku mbili tukajua mama yake ni nani.

Tena nzi wa kwenu hakutoka maabara. Ametoka chooni, ametoka kwenye matumbo ya samaki pale ufuoni, ametoka kwenye mavi ya punda, ndipo akaja kutaga kwa baba. Baer mwenyewe alijifunza hili kwa uchungu. Baadhi ya wagonjwa wake walipata pepopunda kutokana na funza, ndipo akatafuta njia ya kuyasafisha mayai kwa dawa kabla hayajaanguliwa. Ndiyo maana funza wa hospitali husafishwa kwanza. Muulize ami: wale wa kwenye ile ndoo atawaosha na nini?

Na hata wale wa maabara hawapewi kila mtu. Mguu usiofikiwa na damu vizuri, kidonda kilicho karibu na mshipa mkubwa, mgonjwa anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, daktari hufikiri mara mbili au hukataa kabisa. Sukari ya miaka 11 inaweza kuziba mishipa ya damu ya miguu. Je, damu ya baba inafika kwenye kile kidole? Ami hajui, maana hakuna aliyeweka vidole juu ya unyayo akatafuta mapigo.

Kuna moja ami halijui pia, nalo ningependa umsomee kwa upole. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 267 wa vidonda vya miguu. Wengine walitiwa funza, wengine jeli ya kawaida ya kulainisha uozo. Funza walisafisha haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini vidonda havikupona mapema kuliko vya wenzao, na waliotiwa funza waliumia zaidi. Funza hula kilichokufa, basi. Hashushi sukari, hazibui mshipa, na kama msumari ule umefika mfupani hatoi ugonjwa ulio ndani ya mfupa. Ukipita wiki moja ami akisifu usafi wa kidonda, ndani unaweza kuwa unaungua kama kumbi lililofukiwa.

Basi, mwanangu, watolewe. Najua ni wewe utakayefanya, kwa hiyo sikiliza. Mara yangu ya kwanza kuwaona nilikuwa nesi mwanagenzi, nikakimbia kama ulivyokimbia. Sista aliyekuwa mkubwa wa wadi alinirudisha, akanipa kibano na bakuli, akaniambia, "Wahesabu." Nilifika arubaini na tatu. Kufikia ishirini kinyaa kilikuwa kimeniondoka, nilikuwa naogopa tu kukosea hesabu. Nawe wahesabu.

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Vaa glavu, huna, vaa mfuko safi wa nailoni. Usimtumbukize mguu kwenye beseni, mmiminie maji taratibu, wengi watatoka wenyewe. Waliobaki juu waondoe kwa kibano. Aliyejificha ndani usimchimbe, daktari atamtoa. Wawili watie kwenye chupa ndogo yenye spiriti uende nao, daktari akitaka kuwatambua awaone. Kisha funika kwa shashi safi, funga bendeji bila kukaza, na mguu wote uvishe kitambaa ili nzi asipate njia.

Mafuta ya taa hapana. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba mguu ambao haukuhisi msumari tangu adhuhuri hautahisi mafuta ya taa yakiunguza nyama nzima. Dawa ya kupulizia mbu pia hapana, wala jiki, wala ile dawa ya kuoshea mbuzi. Na poda za kapsuli mziache: dawa ile ilitengenezwa ipite tumboni iingie kwenye damu, juu ya kidonda inakauka ikawa gamba na uozo unabaki chini yake.

Nikuulize jambo bila kukulaumu. Kile kitambaa kilikuwa hakijafunguliwa tangu lini? Kwa joto la kwetu yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja au pungufu, na buu wa ukubwa wa punje ya mchele ana siku mbili, tatu hivi. Sikuulizi ili ujute. Nakuuliza kwa sababu daktari atakuuliza, na jibu la kweli litamsaidia.

Kuhusu jicho sina la kusema ila kwamba nzi hahitaji husda. Harufu inamtosha.

Kuhusu Ayubu ninalo. Baba yako ni mtu wa dini, na hapa ndipo mlango wake ulipo, si kwa kumtisha. Kisa cha funza kimesimuliwa sana Lamu, kimeimbwa na kuliza watu, lakini ndani ya Qurani hakimo, na masheikh wengi hawakikubali. Kilichomo, katika Surat Sad, ni kwamba Ayubu alipomlilia Mola wake aliambiwa aupige mguu wake ardhini, yakatoka maji: haya ya kuogea, baridi, na ya kunywa. Aliambiwa aoge. Mwambie baba kwamba subira ya Ayubu ilikwisha kwa kuoshwa. Na ukimwambia hivyo ukiwa umeshika birika la maji ya chumvi, sidhani atakuwa na la kujibu.

Swala isiwasumbue. Muulizeni sheikh wa mtaani kuhusu mtu mwenye jeraha lililofungwa; kuna ruhusa ya kupangusa juu ya bendeji, kuna tayamamu, atawaeleza ipi inamfaa. Dini haikumtaka mtu wa sukari afungue kidonda mara tano kwa siku akitie maji ya kisima.

Limebaki lile zito. Yule aliyeziba pua alitoa hukumu bila kusikiliza kesi. Mtu hawezi kusema mguu ni wa kukatwa akiwa umbali wa benchi. Anayetaka kujua huanza kwa tone la damu kidoleni apime sukari, hutafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, huingiza kichuma chembamba kilichochemshwa ndani ya kidonda asikie kama kinagonga mfupa, hupiga picha ya eksirei. Baada ya hapo ndipo aseme. Na mara nyingi neno linalofuata si kukata, ni kusafisha: kuondoa nyama iliyokufa kwa kisu kidogo, ile ile kazi ami anayotaka funza waifanye, ila kwa dakika na mbele ya macho ya mtu. Atachomwa sindano ya pepopunda, atapewa antibiotiki, huenda akahamishwa kutoka vidonge kwenda insulini kwa muda, na ataambiwa asikanyage mguu ule, jambo litakalomuudhi fundi wa jahazi kuliko kisu.

Sitakudanganya, inawezekana wakasema kidole hakifai. Mwambie ukweli huo mapema, asiusikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni. Mwambie pia kwamba hakuna atakayemkata bila yeye au nyinyi kutia sahihi, na kwamba ana haki ya kuuliza mbele yako: mnakata au mnasafisha, na mkingoja siku tatu na dawa itakuwaje? Fundi anaelewa mambo haya. Ubao ukianza kuliwa na bahari, yeye hung'oa ule ubao mmoja. Haachi mpaka uozo ufike kwenye mkuku.

Nendeni moja kwa moja hospitali ya kaunti mjini, msirudi pale pa mwanzo. Bebeni kitambulisho chake, mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, vidonge vyake vyote hata vilivyokwisha, na huo mwarobaini muutaje pia. Asitembee. Apande punda mpaka kwenye mashua. Nacheka nikiandika haya, kwa sababu punda wa Lamu wana hospitali yao tangu 1987, Waingereza waliwafungulia, na nimeona watu wakimwahisha punda mwenye kidonda cha mgongoni kwa mbio ambazo baba zao hawazipati.

Na ami msimwache nyumbani akinuna. Ndiye mwenye Kiingereza, ndiye asiyeogopa makoti meupe, na baba anamsikia. Mwambie Somo amekiri kwamba habari yake ya funza ni ya kweli, na kwamba namwomba aende akamuulize daktari mwenyewe kama kidonda hiki kingefaa kutiwa wale waliosafishwa. Akipewa kazi hiyo atakuwa wa kwanza kuingia mashuani. Ila kwanza akitupe kile kichwa cha papa, mbali, maji yakitoka, na ndoo aioshe.

Ile ndara ya kulia, kama mnayo bado, itieni kwenye mfuko mwende nayo. Daktari atataka kuona msumari ulipita kwenye mpira kiasi gani, na baba akiulizwa uliingia wapi hataweza kumwonyesha, kwa sababu hakuuhisi.